Msomaji Anauliza: Kama Ukungu Ulizuia Mwanga, Galaksi za Kale Tunazionaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Toleo lililopita uliandika kwamba baada ya Mlipuko Mkuu ulimwengu ulijaa gesi ya haidrojeni iliyozuia mwanga kama ukungu, kisha ukungu ukatoweka. Sasa hizo galaksi zilizokuwa ndani ya ukungu darubini inazionaje? Na nani aliuondoa?
Msomaji, kidato cha tano, Lushoto

JIBU: Marahaba. Umegusa penyewe.

Ukungu wa huko kwenu huficha rangi zote sawasawa. Ule wa haidrojeni ulichagua. Atomu ya haidrojeni hunasa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, uitwao Lyman-alfa, na kuutawanya huku na huku. Mwanga mwekundu kuliko huo, yaani wenye wimbi refu zaidi, hupita salama. Ndio unaoifikia darubini ya anga za juu ya James Webb, ukiwa umeshavutwa njiani na kutanuka kwa ulimwengu hadi ukawa infraredi, mwanga wa mawimbi marefu usioonekana kwa macho.

Galaksi changa yenye nyota za moto mkali hutoa Lyman-alfa kwa wingi. Kwa hiyo wanafalaki huitafuta katika spektra yake, yaani mwanga wake uliochambuliwa kwa urefu wa wimbi, ambako Lyman-alfa huonekana kama mstari angavu. Na kadiri wanavyorudi nyuma kupita enzi ulimwengu ulipokuwa na miaka takriban bilioni moja, ndivyo galaksi zenye mstari huo zinavyoadimika. Kuadimika huko kunanivutia kuliko picha zote za rangi tunazooneshwa: kinachokosekana ndicho kipimo chenyewe.

Walioufukuza ukungu, kwa sehemu kubwa, ni galaksi zenyewe. Mwanga wa chini ya nanomita 91.2 huing'oa elektroni kutoka kwenye atomu, na protoni iliyobaki peke yake haiwezi tena kunasa Lyman-alfa. Kila galaksi ikajitengenezea povu la gesi angavu, yaani inayopitisha mwanga. Hapa soma taratibu. Mwanga ukisafiri ndani ya povu kubwa huendelea kuvutwa. Ukifika ukingoni, penye atomu nzima, umeshavuka nanomita 121.6, na atomu haziushiki. Unapenya. Povu likiwa dogo, unafika bado haujavutwa vya kutosha, unanaswa. Ndiyo maana mstari uliopenya unatudokeza ukubwa wa povu.

Mwaka 2023 kikundi kilichoongozwa na Simon Lilly wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, kilitumia kwasari J0100+2802 (kiini cha galaksi king'aacho mno, chenye shimo jeusi linalomeza gesi) kama taa ya nyuma, kikaonesha kuwa ulimwengu ulipofikisha miaka milioni 900, gesi iliyozizunguka galaksi ilikuwa angavu hadi umbali wa miaka-nuru milioni 2 hivi.

Kisha Machi 2025 ikatangazwa galaksi JADES-GS-z13-1. Lyman-alfa yake imeonekana, urefu wa wimbi lake umevutwa mara 14, ingawa ulimwengu ulikuwa na miaka milioni 330 tu, wakati ambao ukungu ulitarajiwa kuwa mzito kabisa. Wengine wanasema povu lake lilichimbwa na nyota kubwa zenye joto kupita kiasi, wengine shimo jeusi linalomeza gesi. Mimi naegemea nyota, lakini spektra tuliyo nayo haijalifuta shimo jeusi, na ubishi bado unaendelea.