Mama mkwe anataka mtoto aitwe Tabu

Dada, umesema mama mkwe wako hapo Mbagala anataka mjukuu arithi jina lake, Tabu, nawe unaogopa mtoto asije akarithi na mikosi. Pole, hofu yako naielewa. Lakini kabla hujakataa, kaa naye jamvini umuulize alipewaje jina hilo. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, likiwa na maana ya uchovu. Wazee wa Pwani waliwapa watoto majina ya siku au hali waliyozaliwa: Mwajuma wa Ijumaa, Chausiku wa usiku, halafu Tabu, Shida na Mashaka waliokuja kipindi kigumu. Jina lilitunza habari ya uzazi ule, halikuwa laana. Bibi yangu aliitwa Chausiku. Kila akisimulia alivyohadithiwa na mamake, mvua ile na kibatari kilichozimika, uso ulimng'aa.

Mimi ningeandikisha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, jina mlilochagua ninyi wawili, Tabu likabaki la nyumbani. Ila mwambieni mama mapema, kwa heshima, mumeo akiwa ndiye msemaji. Asije kulikuta jingine kwenye cheti.