La Harusi Mwachie Mwenye Harusi

Swali la wiki: "Nyumbani tuko watu watatu. Tunataka jiko la moshi la kuweka uani, la nyama na samaki. Tuchague la namna gani?"

Ndugu Mhariri,

Mke wangu ndiye aliyeliona swali hili kwanza, akacheka peke yake mpaka nikamuuliza kulikoni. Sisi nasi tuko watatu: mimi, yeye na mjukuu aliyekuja kusoma. Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya hizi barabara zetu za namba, na ua wenyewe ukitandaza mikeka miwili umekwisha. Katika ua huo mimi, mtu niliyestaafu kazi ya kuchomelea vyuma, nilileta jiko la kulisha hitima.

Lilikuwa kama yale ya Wamarekani: pipa la lita 200 limelazwa juu ya miguu, ubavuni kisanduku cha moto, upande wa pili dohani. Moto unakaa kando, moshi unapita juu ya nyama na kutokea mbele. Macho yangu siku hizi hayawezi tena kazi hiyo, nikampa fundi mmoja. Naye akatumia bamba jembamba, na mlango wake haukupata kukaa sawasawa hata siku moja. Kuku wa upande wa kisanduku aliungua, mwenziwe wa upande wa dohani akawa bado anatoa damu. Mkaa ulikwenda debe zima kwa kitoweo cha watu watatu. Kusi ilipoanza kuvuma ikawa inaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa kisanduku, moto unapanda kama wa mhunzi. Tulilitumia mara nne. Sasa liko kwa jirani anayechoma mishkaki jioni. Amelikata mgongo, linamfaa kabisa.

Sisemi jiko la namna ile ni baya. Linataka chuma kinene, wenyewe Marekani wanaojenga mazuri hutumia cha milimita 6, na linataka mtu wa kukaa nalo, atie kuni kila baada ya nusu saa au dakika arobaini. Mwenye shughuli ya watu themanini ana sababu ya kukesha hivyo. Mwenye kuku mmoja hana.

Kwa watu watatu jibu langu ni jiko la kusimama, jembamba: moto chini, bakuli la maji katikati, wavu wa nyama juu, mfuniko unaobana. Joto hupanda lenyewe, wala hulipeleki popote kwa dohani. Kampuni ya Weber wanalo la namna hii lenye wavu wa sentimita 37 tu, na wavu huo unatosha kuku mzima au mguu wa mbuzi uliokatwa mara mbili. Na kampuni hiyo, kwa faida ya wana-Tanga tunaotazama boya baharini kila siku, jiko lake la kwanza lilitoka kwenye boya: mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi ya vyuma Chicago, alichukua nusu mbili za boya la chuma, moja akaifanya jiko, nyingine mfuniko.

Yapo mengine. Lile la kauri lenye umbo la yai, kamado, asili yake Japani, linatunza joto kwa mkaa kidogo mno, lakini ni zito, ni ghali, na likianguka limevunjika. Lile la vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa, lililobuniwa Oregon miaka ya 1980, linajilisha lenyewe kwa umeme. Umeme ukikatika saa ya tatu ya mapishi utaniambia. Na vidonge vyenyewe utavinunua duka gani hapa?

Kwa hiyo nilichora langu upya, nikampelekea fundi mwingine. Vipimo hivi vichukueni. Bamba la chuma la futi 8 kwa 4 lina upande wa sentimita 122. Ukiukunja upande huo ukawa duara, unapata mviringo wa upana wa karibu sentimita 39, bila kukata wala kutupa. Kimo kikiwa sentimita 75, bado unabaki na zaidi ya mita moja na nusu ya bamba kwa ajili ya kitako, mfuniko na bakuli. Nilitumia la milimita 2. Mwili peke yake una kilo 14 na ushei, mjukuu analiburuta mwenyewe mvua ikija. Jembamba kuliko hapo hewa yetu ya chumvi italila kabla hujalizoea. Nje lipakeni mafuta ya kupikia likiwa moto, kama mnavyofanya chuma cha chapati kipya. Ndani msipake rangi.

Mkishawishika kutumia pipa kuukuu, ulizeni lilibeba nini. La dawa za mashamba au kemikali liacheni hata likiwa la bure. La mafuta ya kula lichomeni kwanza kwa moto mkali wa kuni mpaka rangi ya ndani ife. Na bati lenye zinki, hili la kuezekea, msiliweke karibu na moto. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu, na mimi nimewaona wachomeleaji wakitetemeka usiku kucha kwa sababu yake.

Sasa hewa, maana hapa ndipo jiko linapokuwa jiko. Matundu mawili: la chini lenye kifuniko cha kusogeza, na la juu. La juu liacheni wazi siku zote. Moto unautawala kwa la chini. Wengi hufanya kinyume, wanaziba juu ili "moshi usipotee," nao moshi ukituama unageuka lami nyeusi juu ya nyama, chungu kama shubiri. Moshi mwema ni mwembamba, una ubuluu kidogo, karibu huuoni. Ukiona mweupe mzito, kuni mbichi hizo au hewa haitoshi. Jirani naye ataanua nguo zake kwa hasira, na atakuwa na haki.

Joto la humo ndani liwe kati ya nyuzi 107 na 120. Bakuli la maji linasaidia, kwa kuwa maji hayapiti 100, yanazuia joto kurukaruka. Tena linapokea mafuta yanayodondoka, na hilo si la kupuuza: mafuta yakiangukia makaa moshi wake una sumu zinazojulikana kuleta saratani. Ndiyo maana tanuri la samaki lililobuniwa Thiaroye, Senegali, kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, limewekewa sinia la kukinga mafuta. Nunueni pia kipimajoto cha kuchoma nyamani. Kuku afike nyuzi 74 penye paja, karibu na mfupa. Rangi ya nje isiwadanganye, moshi unapaka wekundu hata nyama mbichi.

Kuni: mkoko usiguswe, misitu ile inalindwa kwa sheria. Mimi hutumia mchungwa. Muheza hapo juu mashamba yamejaa, michungwa mizee inakatwa, na kipande cha urefu wa kiganja juu ya makaa kinatosha saa nzima. Mpera ni mzuri, mwembe mzuri ukikauka. Makumbi ya nazi yanafaa samaki, kwa kuwa samaki hakai sana. Kuku wa saa tatu atanuka kama mbata. Mbao za maboksi na zilizopakwa rangi, la hasha.

Nyama yenyewe msiige video za Wamarekani. Kidari cha ng'ombe wanachokisifu wao kina mafuta ya unene wa kidole. Ng'ombe wetu wa malisho hana hayo, ukimweka saa kumi anakuwa kanda la kiatu. Sisi tunamtia moshi saa mbili, kisha anamalizikia kwenye tui zito, sufuria imefunikwa. Hapo ndipo mke wangu alipoacha kunicheka. Kuku wa kienyeji vilevile. Vibua vibichi ndivyo vinavyonishinda kuvielezea: vioshwe, vikae kwenye maji ya chumvi, vijiko vinne vya mezani kwa lita, muda wa saa moja, vianikwe penye upepo chini ya kawa mpaka ngozi inate kidole, halafu jikoni mpaka nyama iachie mfupa.

Lakini msivichanganye na ng'onda. Ng'onda amekolea chumvi na amekauka mpaka ndani, ndiyo maana anakaa. Kitu kilichopikwa kwa moshi namna hii bado kina maji yake, kisipoliwa siku hiyo kiende kwenye friji, kisining'inizwe jikoni eti "kina moshi."

Mkifika kwa fundi, msimalizie malipo kabla ya hili: washeni kipande cha kumbi humo ndani, fungeni kila kitu, na matundu yote mawili, mkae pembeni mtazame. Ukingoni mwa mfuniko moshi kidogo si neno. Ukitoka kwenye mshono, mrudishieni palepale akachomelee tena.

Mstaafu, Ngamiani, Tanga