Daftari kwanza, kamera baadaye: kwa vikundi vinavyopiga sini ya kwanza ya mwendelezo

Wadogo zangu mnaoanza mwaka huu, mkishapewa zoezi la sini fupi ya mwendelezo (tukio moja la filamu linalopigwa vipande vipande lakini likaonekana kama kitendo kimoja kisichokatika), mtaanza kwa kugombania kamera. Mwingine ataomba kuigiza, mwingine atasema ana laptopu nzuri kwa hiyo ataediti, na daftari la kumbukumbu litamwangukia yule mkimya aliyechelewa kufika kikaoni. Hapo ndipo vikundi vingi huanza kupoteza alama, kabla hata ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Nimekaa na vikundi vingi vya wanaoanza, kwenye kupiga na kwenye kuediti, na msimamo wangu ni kwamba mtu muhimu kuliko wote katika zoezi hili ni yule anayekumbuka, yaani mwenye daftari. Mpeni kazi hiyo mwenye jicho kali, asiyeogopa kusema "tunarudia" hata kama wote mmechoka na njaa inauma.

Zoezi lenyewe ni dogo. Mtu anakuja, anafungua mlango, anavuka chumba, anakaa kiti kinachotazamana na mwenzake, wanasemezana maneno mawili matatu. Basi. Wanafunzi wa masomo ya vyombo vya habari nchini Uingereza walikuwa wakipewa hilihili kama zoezi la awali, na sababu inaonekana: ndani ya dakika moja mna mlango, mwendo, kukaa, kutazamana na kuzungumza, yaani karibu kila mahali ambapo mkato mbaya (pale kipande kimoja cha picha kinapoungana na kingine) humshtua mtazamaji. Kwa hiyo msiongeze hadithi. Kikundi kinachoingiza ugomvi, mganga na mfuko wa pesa humaliza siku nzima kikihangaika na hayo, na mlango hakijaupiga vizuri.

Tuseme mwigizaji anayeingia ni Neema na aliyekaa ni Baraka. Kabla ya chochote, chukueni karatasi mchore chumba kama mtu anayekiona kutoka darini: mlango, dirisha, meza, viti viwili. Chora njia atakayopita Neema kwa mshale. Huo mshale ndio mstari wenu, na kamera lazima ibaki upande mmoja wake. Ikiwa upande wa mkono wa kulia wa Neema, kwenye skrini ataonekana akielekea kulia. Mkimpiga akiwa nje akielekea kulia, halafu ndani mkasimama upande wa mkono wake wa kushoto, ataonekana akirudi alikotoka. Mtazamaji hatajua mmekosea nini, ila atahisi amepotea.

Neema akishakaa, mstari unabadilika, sasa unatoka usoni kwake kwenda usoni kwa Baraka. Uchoreni sakafuni kwa chaki kutoka kiti hadi kiti, na mkubaliane kwamba miguu ya stendi ya kamera haiuvuki. Mkiwa mmebaki upande uleule wa kulia kwa Neema, shoti (kipande kimoja kilichorekodiwa bila kusimamisha kamera) inayomtazama Baraka itapita juu ya bega la kulia la Neema, na ya kumtazama Neema itapita juu ya bega la kushoto la Baraka. Neema atakaa kushoto mwa fremu, yaani mwa picha, akitazama kulia, Baraka kulia akitazama kushoto, na macho yao yatakutana ingawa mmewapiga kwa nyakati tofauti. Mwenye daftari aandike hivyo kwa maneno: "N kushoto anatazama kulia, B kulia anatazama kushoto." Saa kumi jioni, akili zikishachoka, sentensi hiyo moja huwaokoa.

Mstari unaweza kuvukwa. Kamera ikitembea ikauvuka huku watu wanaona, hakuna tatizo, na mwigizaji akiinuka akahama anahama na mstari wake. Lakini kwenye zoezi la kwanza mbaki upande mmoja. Na mnapotoka shoti pana kwenda ya karibu ya mtu yuleyule, sogezeni kamera angalau digrii 30 kutoka pale ilipokuwa na mbadilishe ukubwa waziwazi, la sivyo picha itaonekana imeruka.

Sasa mlango. Ningekuwa na saa tatu za kupiga, ningetumia moja nzima hapo. Sini nyingi za mwanzo za filamu duniani hazikujua kuuvuka mlango. Mwaka 1903 Mmarekani Edwin S. Porter, katika filamu yake ya wazima moto, alionyesha mama na mtoto wakiokolewa mwanzo hadi mwisho kutoka ndani ya nyumba, kisha akaonyesha uokoaji uleule mwanzo hadi mwisho kutoka nje. Watazamaji wa leo huona tukio limetokea mara mbili. Mafundi wa filamu wakajifunza kukata katikati ya kitendo: mkono unaanza kusukuma ukiwa nje, unamalizia kusukuma ukiwa ndani, na jicho likifuata mkono halina muda wa kuuona mkato.

Ili kupata katikati hiyo, kila shoti ibebe kitendo kizima. Neema anapopigwa kutoka nje, asisimame akishagusa kitasa. Afungue, aingie, mlango ujifunge nyuma yake. Anapopigwa kutoka ndani, aanzie mbali kule nje, aje na hatua zake, ashike kitasa, aingie. Wanaoanza hupiga nusu ya nje na nusu ya ndani wakidhani wanaokoa muda, kisha wakikaa kuediti wanakuta nusu hizo hazikutani popote. Fanyeni hivyohivyo kwenye kukaa: shoti pana ianze amesimama na imalizike amekaa, na shoti ya karibu nayo ianze amesimama na imalizike amekaa.

Mwenye daftari anaangalia mkono gani ulishika kitasa, mguu gani ulitangulia kizingiti, mkoba uko bega gani, kasi yake ilikuwaje. Kasi husahaulika mno. Mwigizaji huingia taratibu asubuhi na kwa haraka mchana, na mikono ikilingana huku kasi haikulingana, mkato bado utashtua. Afanye mazoezi ya mwendo huo bila kamera hadi mwili uushike.

Kumbe si lazima mlango wa nje na wa ndani uwe mmoja. Mrusi Lev Kuleshov, mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliunganisha shoti zilizopigwa sehemu mbalimbali na zikasomeka kama sehemu moja. Kama korido ya hosteli ni nzuri lakini vyumba vyake ni vidogo mno, pigeni nje pale na ndani darasani, alimradi rangi ya mlango, aina ya kitasa na upande unaofungukia vinalingana.

Daftari lisaidiwe na simu. Mwisho wa kila teki (jaribio moja la kupiga shoti) iliyokubalika, mwenye daftari apige picha ya mwigizaji mbele, ubavuni, na ya meza. Saa ya ukutani itolewe betri au ishushwe kabisa. Glasi iwe na maji, na chupa nyingine iwe pembeni ya kuijazia hadi alama ileile, kwa sababu glasi inayojaa yenyewe kati ya sentensi mbili ni kosa ambalo kila mtu hulikamata. Mtandio umeangukia bega gani? Mikono ya shati imekunjwa mara ngapi? Kama mnapiga siku mbili, semeni mapema kwamba hakuna kusuka wala kunyoa hadi kazi iishe. Mwambieni kila mwigizaji ana kwa ana, na nguo za sini zibaki kwa mwenye daftari, zisirudi nyumbani kufuliwa na kuvaliwa kanisani.

Jua nalo ni mwigizaji msiyeweza kumwambia arudie. Husogea digrii 15 kila saa, na kivuli cha nondo za dirisha kilichokuwa mezani saa nne asubuhi kitakuwa kimehamia kwingine ifikapo saa sita. Kwa hiyo msipige kwa mfuatano wa hadithi. Anzeni na shoti pana ya chumba, kisha shoti zote zinazotazama upande wa Baraka, kisha geuzeni kamera mpige zote za upande wa Neema. Mkiweza, zibeni dirisha kwa shuka nyeupe mwanga uingie laini usio na vivuli vikali. Msianze shoti za mazungumzo saa kumi na moja jioni. Giza letu huingia haraka, na sentensi ya kwanza itakuwa mchana, ya pili magharibi.

Kuhusu mipangilio ya kamera nitasema machache. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu hucheza mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde, na chini ya taa hizo picha inaweza kupepesa. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa programu inayoruhusu mkono wako uamue. Fungeni mwanga, fokasi na rangi visijibadilishe vyenyewe, maana Neema akipita mbele ya dirisha simu itatia chumba kizima giza kisha ikirudishe, na hamtaweza kuunganisha hiyo shoti na nyingine yoyote. Tumieni kamera moja ileile mwanzo hadi mwisho. Simu mbili za kampuni tofauti hutoa ngozi za rangi mbili.

Sauti huachwa nyuma kila mara, na ndiyo inayoshika mikato pamoja. Zimeni feni, zimeni friji, joto mlivumilie kwa muda wa teki. Adhana ikianza au bodaboda ikipita katikati ya neno, simamisheni, kwa sababu mkikata hapo adhana itakatika nayo. Kabla ya kuondoka, wote mkae kimya na mrekodi sauti ya chumba kitupu kwa sekunde 30. Mtaitandika chini ya mazungumzo yote na matundu kati ya shoti yatapotea. Kila teki itangazwe kwa sauti namba yake na mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Daftarini iandikwe: shoti ya 4, teki ya 2, nzuri, mkono wa kulia.

Klipu zikishatoka kwenye kamera, msitumiane kama video za kawaida za WhatsApp, hubanwa na kuharibika. Tumieni waya, flashi, au zitumwe kama faili. Nakala ziwe kwenye mashine mbili siku hiyohiyo, kabla ya mtu yeyote kufuta simu yake ili apate nafasi.

Mhariri akae na daftari mkononi, na mwenye daftari akae kando yake. Wekeni kwanza shoti ya nje na ya ndani, mtafute fremu ambamo mkono umeanza kusukuma, mkate hapo. Mkato ukionekana umemeza kitu, rudieni fremu mbili tatu za kitendo kwenye shoti ya pili, kwani jicho huhitaji muda kidogo kutua kwenye picha mpya. Kwenye mazungumzo, acheni sauti ya Neema iendelee huku tayari tunamtazama Baraka akisikiliza. Kukata kila mtu anapomaliza sentensi yake hufanya mazungumzo yasikike kama kuhojiwa polisi. Muziki usiwekwe hadi mikato yote ipite bila muziki. Wanaouweka mapema huwa wanafunika mlango usioungana, na mwalimu hushusha sauti akautazama.

Mkimaliza, mwonyesheni mtu ambaye hakuwepo siku ya kupiga, kikundi kikae kimya, asielezwe chochote. Msimuulize kama ni nzuri. Muulizeni mlango uko upande gani wa chumba na nani amekaa karibu na dirisha. Akijibu bila kufikiri, chumba kimesimama. Akisita, fungueni daftari mtafute shoti ambapo kamera ilivuka mstari. Kama kuna teki nyingine mbadilishe, na kama hakuna, pangeni siku ya kurudia wakati nguo bado ziko kwa mwenye daftari.