Mkuu, usivute hiyo moja ya kujipima

Usivute. Nimesoma swali lako mara mbili nikiwa bado na vumbi la msasa mikononi, nikaweka kazi chini nikakaa kuandika. Unasema una miezi mitano bila sigara, hamu bado inakujia ukinywa kahawa na ukimaliza kula usiku, umenenepa, usingizi umekuwa wa mang'amung'amu, na unauliza kama jojo za nikotini zinafaa. Hayo wapo watakaokujibu. Kilichonishtua ni ile sentensi ya mwisho uliyoiandika kama kitu kidogo: kuna mtu amekushauri Jumamosi hii uvute moja tu ujipime, na ukisikia kichefuchefu basi ujue umepona.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2016. Yalinigharimu miaka minne na miezi miwili.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko. Nilianza kuvuta nikiwa kijana wa kupewa msasa tu, na kwa miaka 17 sikio langu la kulia lilibeba penseli, la kushoto sigara. Niliacha Ramadhani ya 2015. Siku ya pili na ya tatu zilikuwa mbaya, nilimfokea kila aliyesogea, lakini wiki mbili tatu baadaye mwili ukatulia. Kilichobaki ni hiki ulicho nacho wewe sasa. Nikimaliza kupiga vanishi kabati, nikirudi nyuma hatua mbili kuliangalia, mkono wa kushoto unapanda wenyewe mpaka sikioni. Hakuna kitu pale. Basi hapo kifua chote kinaita.

Nikaona aibu. Nilidhani mtu aliyeacha kweli hatamani tena, kwa hiyo mimi nilikuwa najidanganya. Ndiyo nikaenda kwa muuza dawa za asili mmoja niliyeelekezwa na watu wa kijiweni. Akanisikiliza vizuri, akanieleza kwa uhakika kabisa kwamba nikotini imeganda kwenye damu yangu na ndiyo inayoita wenzake. Akaniuzia unga wa mwezi mzima, shilingi 45,000, nichanganye na maji ya moto kila asubuhi. Mwisho akanipa na kipimo: ukimaliza dozi vuta moja, ukisikia kizunguzungu na kichefuchefu ujue mwili umeikataa, umepona.

Dozi iliisha mwezi wa pili. Machi tukaenda Tanga kwenye harusi ya binamu yangu. Usiku wanaume tumekaa nje mkekani, kahawa inazunguka, kashata zipo, mtu akawasha. Nikamwomba moja. Sikuiomba kwa kushindwa, mkuu, hilo nataka ulielewe. Niliiomba kwa kiburi, kama mtu anayekwenda kuchukua cheti chake. Pafu la tatu dunia ikazunguka, nikaenda kutapika nyuma ya banda la jiko. Nilirudi mkekani nimejaa furaha. Usiku uleule nikampigia mke wangu simu Dar, nikamwambia nimepona.

Sasa sikia nilichokuja kukielewa baadaye. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi hadi ishirini hivi. Mwili wa mvutaji wa kila siku umeizoea, haushtuki. Wa mtu aliyekaa miezi minane bila kuvuta umepoteza yale mazoea, kwa hiyo unapata pigo lote. Ni kitu kilekile kinachompata mtoto wa shule anayevuta kwa mara ya kwanza nyuma ya choo: anakohoa, anatapika, kichwa kinamzunguka. Yeye ameponywa na nini? Na wengi wetu tuliokuja kuvuta pakiti kwa siku tulianza hivyohivyo, kwa kutapika.

Lakini kilichonimaliza si kile kizunguzungu. Kilichonimaliza ni kwamba kesho yake sikutamani. Keshokutwa pia. Wiki nzima nilikuwa mwepesi, hata mkono ulipopanda sikioni niliuangalia tu. Laiti hamu ingenishika asubuhi ileile Tanga, ningeogopa, ningeomba msaada. Badala yake nilirudi nyumbani nimebeba wazo jipya kichwani, kwamba mimi ni mtu anayeweza kuvuta moja na asidhurike. Wazo hilo sikuwa nalo kabla ya harusi.

Wiki ya tatu mteja akakataa kitanda cha mninga nilichokuwa nimeshakimaliza, anasema aliagiza kingine. Nilitoka nje ya karakana natetemeka kwa hasira. Dukani pale jirani sigara huuzwa moja moja, na kiberiti kimening'inizwa dirishani kwa uzi. Nikajiambia: si nimeshajipima? Si mwili umeikataa? Nikatoa mia mbili. Ile ya pili haikunichefua sana. Ya tatu, siku nne baadaye, haikunichefua kabisa. Mwezi wa tano nilikuwa nanunua pakiti, nanawa mikono kwa sabuni ya unga kabla ya kupanda daladala kurudi nyumbani, natafuna karafuu.

Mke wangu alijua kwa shati. Alikuwa analifua, akalileta mkononi, hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe usiku ule ulinipigia kuniaga." Sijasahau hadi leo.

Halafu ikaja hiyo miaka minne. Watu hudhani ukishaacha mara moja, mara ya pili ni rahisi kwa sababu njia unaijua. Kwangu ilikuwa kinyume. Nilijaribu mara tano, na mara zote tano sikuvuka siku ya tatu, kwa sababu kila hamu ilipokuja nilikuwa na jibu tayari: hata ukikaa miezi minane itarudi tu. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu nilipotoka Tanga. Nilipokuja kuacha tena alikuwa shule, anajua kunitafutia kiberiti.

Yule muuza unga nilimrudia mwaka uleule. Akaniambia dozi haikutosha, ninunue nyingine. Nina hasira naye mpaka sasa, na siyo kwa sababu ya pesa. Alichosema kuhusu damu ni uongo, na angeweza kumuuliza mfamasia yeyote. Nusu ya nikotini iliyo mwilini huondoka kila baada ya saa mbili hivi. Hata mabaki yake, yale ambayo maabara hupima na kuyaita kotinini, kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Wewe mwenye miezi mitano huna nikotini damuni, labda kama unakaa na wavutaji. Hakuna unga wa kusafisha kitu ambacho hakipo. Na huyo aliyekushauri wewe, hata kama ni rafiki mwema, anarudia uongo uleule bila kuulipia.

Hamu yako ni kumbukumbu. Pakiti ya sigara 20 kwa siku kwa miaka 17 ni sigara zaidi ya 120,000, na kila moja ilifungwa pamoja na kitu: kahawa, sahani iliyoisha, simu ya mteja msumbufu, kusubiri gundi ikauke. Kamba hizo hazikatiki zote kwa miezi mitano. Kutamani hakumaanishi umeshindwa wala kwamba kuna sumu imebaki. Nimeingia mwaka wa sita, na mwezi uliopita nilipitiwa na moja kali sana nikiwa feri ya Kigamboni, upepo tu na harufu ya dizeli. Ilipita kabla hatujatia nanga.

Kilichonifumbua macho ni Ramadhani yenyewe, ile ya 2020 niliyoachia mara ya mwisho. Nikajiuliza kitu ambacho miaka yote sikujiuliza. Saa nane mchana nimefunga, sijavuta tangu daku, nikotini imeshashuka sana mwilini, mbona sihangaiki kama ninavyohangaika siku nyingine nikikosa sigara kwa saa mbili tu? Na mbona dakika kumi kabla ya adhana ya magharibi mikono inaanza kutetemeka? Mwili ni uleule. Tofauti ni kwamba saa nane mchana jambo hilo halipo kabisa, hakuna cha kujadili, na magharibi mlango unakaribia kufunguliwa. Hamu inakaa pale palipo na mlango.

Ndiyo maana nakupigia kelele kuhusu hiyo moja. Ukijipima, hata ukifaulu, hasa ukifaulu, umeshaweka mlango pale ambapo miezi mitano palikuwa ukuta. Kuanzia siku hiyo kila kahawa itakuja na swali: leo je? Sasa hivi unapata hamu bila swali, inauma dakika chache inaondoka. Unataka kubadilisha hiyo kwa nini?

Kwa hiyo usijipime. Usijipime kwa moja, usijipime kwa pafu la mwenzio, usijipime kwa shisha eti siyo sigara, maana nayo ni tumbaku, na hapa kwetu serikali iliwahi kuipiga marufuku. Usijipime hata kwa kukaa makusudi katikati ya wavutaji kuonyesha una msimamo. Mimi sasa hivi nikialikwa harusini huwa nakaa upande wa wapishi, nasaidia kubeba sufuria. Mtaniita shehe, niiteni.

Ikija, usibishane nayo. Inuka. Mimi hutoka nje ya karakana na chupa ya maji, natembea mpaka kwenye mwembe na kurudi, nikifika imeshalegea. Sikio la kushoto nimeliwekea penseli ya pili, na mkono ukipanda unakuta kitu.

Kuhusu kahawa, hili ni la kweli na watu wengi hawalijui: moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Ukiacha, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo vikombe vitatu vyako vya zamani sasa vinakupiga zaidi. Moyo unakwenda mbio, unakuwa na wasiwasi, usiku hulali, na wewe unadhani ni sigara inakuita. Punguza nusu, na usinywe baada ya alasiri.

Jojo za nikotini ni dawa halali, Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Zungumza na mfamasia aliyesomea, mweleze umefika mwezi wa tano, na kama una shida ya moyo mwambie. Ukitumia, usizitafune kama jojo za dukani. Tafuna polepole mpaka usikie ukali, kisha ibane shavuni.

Na Jumamosi usiende. Mwambie huyo jamaa mgeni amekuja, mwambie mtoto anaumwa tumbo, mwambie chochote. Mimi nitakuwa Keko mpaka saa mbili usiku namalizia meza ya watu, simu itakuwa pembeni. Ikikukaba saa moja jioni, andika hapahapa kwenye uzi huu kabla hujavaa viatu.