Kamera Imesimama Wapi? Majibu ya Maswali Kuhusu Video za Muziki

Maswali ya safari hii yanazunguka jambo moja: namna picha inavyosema yale ambayo wimbo wenyewe haukuyatamka. Sikuyapanga kwa kufuata siku yalipofika. Mengine yametosheka kwa aya fupi, na moja limechukua nafasi kubwa kuliko nilivyokusudia.

Kwa nini wasanii hupigwa picha kutoka chini mara nyingi hivi? Je, ni njia ya kuwakuza tu?

Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Kamera ikiwekwa chini ya usawa wa macho ikaelekezwa juu, mtazamaji huwekwa mahali pa mtoto anayemtazama mtu mzima, na anayetazamwa hupata kimo na mamlaka ambayo pengine hana. Ikipandishwa juu ikamtazama kutoka darini, mtu yuleyule huonekana amezidiwa au ameachwa peke yake. Hata hivyo sikubaliani na wanaolifundisha jambo hili kana kwamba ni kanuni ya hesabu, kwa sababu pembe moja inayodumu tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo hugeuka mazoea, na macho huacha kuijali. Maana huzaliwa pembe inapobadilika. Msanii akitazamwa kutoka juu katika beti mbili za malalamiko, kisha kamera ikateremka hadi usawa wa macho yake kiitikio kinapoingia, tunaelewa kwamba amekataa kuhurumiwa, ingawa hakuna neno lililoongezwa.

Lenzi nayo ina usemi wake. Lenzi pana, yaani inayoingiza eneo kubwa katika picha, tuseme ya milimita 24, ikisogezwa karibu na uso huvuta pua mbele na kuyasukuma masikio nyuma, ndiyo maana hupendwa katika kejeli na majigambo. Ile ya milimita 85, ambayo humlazimu mpiga picha arudi nyuma, huutuliza uso na kuyatia ukungu yaliyo nyuma yake, na nyimbo nyingi za mapenzi huiegemea.

Je, ipo orodha ya maana za rangi ninayoweza kuitumia ninapotazama?

Haipo, na anayekupa orodha hiyo anakupotosha. Nyeupe ni rangi ya arusi kwa watu fulani na rangi ya msiba kwa wengine. Rangi hupata maana ndani ya video yenyewe: ikiwa kila kitu ni cha kijivu na kijani kilichofifia, kisha nguo moja nyekundu ikaingia katika ubeti wa tatu, wekundu huo utamaanisha kile ambacho ubeti huo unakisema. Uliza rangi imeanza kuonekana lini na imekuja na nani, kabla ya kuuliza inamaanisha nini.

Rafiki zangu husema video nyingi zina alama za siri, kama vile jicho lililofunikwa kwa kiganja au pembetatu. Nitajuaje kilicho ishara na kilicho pambo tu?

Siri inayowekwa mbele ya watazamaji mamilioni ni siri ya ajabu kidogo. Pembetatu huweza kuwepo kwa sababu tu mpambaji wa jukwaa aliipenda, na kiganja juu ya jicho ni mkao ambao wapiga picha huuomba kwa kuwa unaugawa uso vizuri. Sisemi kwamba hakuna msanii anayeziweka kwa makusudi. Wapo wanaojua kuwa mabishano huleta watazamaji, na hapo alama imekuwa tangazo la biashara.

Mimi huanza kwa kutazama kama kitu kinarudi, na kikirudi, kama kimebadilika. Fikiria meza yenye kiti kimoja kitupu katika ubeti wa kwanza. Katika ubeti wa pili kiti hichohicho kimeangikwa koti, na wimbo unapokaribia kwisha kimelazwa chini miguu ikiwa juu. Hakuna anayehitaji kamusi ya alama ili ajue kwamba kuna mtu aliyengojewa, akarudi, kisha akaondoka kwa ugomvi. Kiti kingeonekana mara moja tu, kingebaki kuwa kiti.

Mfano ulio wazi ni video ya «This Is America» ya mwanamuziki wa Marekani Childish Gambino, iliyoongozwa na Hiro Murai mwaka 2018. Mara mbili msanii anaua kwa bunduki, na mara zote mbili silaha inapokewa kwa uangalifu katika kitambaa chekundu na kuondolewa kwa heshima, ilhali maiti ya mtu wa kwanza inaburutwa sakafuni. Kitambaa hakijafichwa, na nguvu yake inatokana na kule kurudiwa pamoja na tofauti iliyopo kati ya namna chombo kinavyotunzwa na namna mtu anavyotupwa.

Lakini lenye uzito zaidi kwangu katika kazi hiyo si kitambaa, ni mahali kamera inapokaa. Inamfuata msanii na watoto wa shule wanaocheza naye, kwa mwendo laini na mikato michache (mahali picha moja inapokatwa ikaingia nyingine), wakati nyuma yao watu wanakimbia, magari yanawaka moto, na mtu aliyepanda farasi mweupe anapita. Mambo hayo yote yamo ndani ya picha, ila kamera haiyasogelei wala haiyaangalii moja kwa moja. Mtazamaji hufurahia uchezaji, na akirudia mara ya pili hugundua kwamba alikuwa akiburudika huku maafa yakitokea mbele ya macho yake. Hapo ishara imekuwa ni tendo letu la kutazama, na mhusika mkuu wa video amekuwa yule aliyeketi mbele ya skrini. Anayewinda pembetatu katika video hiyo atalikosa hilo kabisa.

Inawezekanaje msanii atembee kwa mwendo wa polepole huku midomo yake ikienda sawa na wimbo?

Kwa hila ya zamani iliyo rahisi. Ikiwa video itachezwa kwa fremu 24 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazofuatana hadi zikaonekana kutembea), mpiga picha anarekodi kwa fremu 48, na wimbo unapigwa kwa kasi maradufu mahali pa kurekodia. Msanii analazimika kuimba haraka mno, jambo linalochekesha kwa aliyepo. Picha zikirudishwa kwenye fremu 24, mwili wake unapungua kasi kwa nusu, nguo na nywele zinaelea, lakini midomo imerudi kwenye mwendo halisi wa wimbo. Matokeo yake ni mtu anayeonekana kuishi katika wakati wake mwenyewe, tofauti na wote wanaomzunguka.

Kurudisha wakati nyuma ni hila ya jamaa moja na hiyo. Katika video ya «The Scientist» ya bendi ya Uingereza Coldplay, ya mwaka 2002, mwimbaji Chris Martin alijifunza kutamka maneno ya wimbo kinyumenyume, ili picha zikigeuzwa midomo yake ionekane ikiimba sawasawa. Tunamwona akirudi kinyume hadi kwenye ajali ya gari ambayo ndiyo mwanzo wa huzuni yote. Wimbo wenyewe unatamani kurudi mwanzo, na picha imelitii tamanio hilo kwa njia ambayo maisha hayaruhusu. Video nyingi zilizogeuzwa hivyo hushangaza mara moja na kusahaulika, kwa kuwa wimbo wao haukuomba kurudi popote.

Ninahariri video za marafiki na hukata picha kila mdundo unapopiga, lakini wanaziona zinachosha. Kosa ni nini?

Kosa ni kwamba sikio limekwisha kuupata mdundo, na jicho linaambiwa jambo lilelile kwa mara ya pili. Piga hesabu kidogo: wimbo wa midundo 120 kwa dakika una mdundo mmoja kila nusu sekunde, yaani fremu 12 kwa video ya fremu 24. Katika fremu 12 mtazamaji huweza kutambua kwamba kuna uso, ila hana nafasi ya kusoma uso huo unahisi nini. Jaribu kukata mara moja kwa kila midundo minane, uache tendo lililo ndani ya picha, kama vile kugeuka kwa kichwa au kufungwa kwa mlango, ndilo liangukie mdundo. Mikato ya haraka uiwekee sehemu moja ya wimbo, ambayo kweli inahitaji kuvurugika.

Ukitaka kuona upande wa pili kabisa, tafuta «Unfinished Sympathy» ya kundi la Uingereza Massive Attack, ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Baillie Walsh. Mwimbaji wake, Shara Nelson, anatembea katika mtaa wa Los Angeles kwa picha moja isiyokatwa, akiimba bila kumjali yeyote anayepishana naye. Mkato ungetupumzisha; kwa kuwa haupo, tunabebeshwa mwendo wake hatua kwa hatua.

Uso mmoja unawezaje kutosha kwa wimbo mzima?

Unaotajwa zaidi ni uso wa mwimbaji wa Ireland Sinéad O'Connor katika «Nothing Compares 2 U» ya mwaka 1990, ambayo John Maybury aliiongoza. Zipo picha chache za matembezi bustanini, lakini sehemu kubwa ni uso wake kwenye giza, kichwa kimenyolewa, shingo imefunikwa kwa vazi jeusi, hivyo kwamba jicho halina pengine pa kwenda. Machozi yanayoteremka mwishoni mwa wimbo hayakuwa ya kuigiza. Alieleza baadaye kwamba maneno yanayomtaja mama yalimkumbusha mama yake mzazi, aliyefariki mwaka 1985. Mwongozaji mwingine pengine angesimamisha kamera na kuomba irudiwe.

Mistari myeusi juu na chini ya picha ina kazi gani?

Mara nyingi haina, zaidi ya kuigiza upana wa sinema. Hupata kazi umbo la picha linapobadilika katikati ya wimbo: picha inayokaribia mraba kama ya runinga za zamani kwa kumbukumbu, kisha kufunguka hadi upana wote mhusika anaporudi katika siku ya leo. Fanya hivyo mara moja tu, na katika mpito wa wimbo, kabla ya kiitikio cha mwisho.