Mwalimu, Ethiopia Yangu Inaanguka Kila Mwaka

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nacheza Hearts of Iron IV, lile gemu la Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwenye kompyuta ya kaka yangu. Ujerumani imenichosha, kila mtu anashinda nayo, kwa hiyo nimechukua Ethiopia. Gemu linafunguka tarehe 1 Januari 1936 na vita na Italia tayari inawaka. Mimi nashambulia mapema, Waitaliano wasije wakajipanga. Naingia Eritrea, koloni lao, kidogo, wiki tatu hivi, halafu kila kitu kinaporomoka. Nimejaribu mara sita na Addis Ababa haijawahi kufika Juni. Kaka ananicheka hadi anashika ukuta. Nakosea wapi? Na mbona Mfalme Menelik wa Ethiopia aliwapiga Waitaliano kule Adwa?
– Ras wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na msiba wako wote uko kwenye maneno mawili: "nashambulia mapema".

Nianze na Adwa, maana miaka thelathini ya chaki siwezi kuiacha mlangoni. Tarehe 1 Machi 1896 Waitaliano ndio waliopanda milima usiku, wakagawanyika makundi, wengine wakapotea njia, na kulipokucha wakajikuta mbele ya jeshi la Menelik lililokuwa kubwa kuliko lao. Miaka arobaini baadaye mambo yaligeuka. Tarehe 31 Machi 1936, pale Maichew, Haile Selassie ndiye aliyepeleka walinzi wake wa kifalme kuwavamia Waitaliano waliokuwa wamekwisha kujichimbia, wenye mizinga, na ndege juu. Walipigana kiume siku nzima. Tarehe 5 Mei Badoglio, kamanda wa Waitaliano, akaingia Addis Ababa. Sasa wewe umeirudia Maichew mara sita, tena Januari!

Nami sikusemi kwa ubaya. Mara yangu ya kwanza niliacha saa ya gemu inakimbia, nikaenda kumfungulia geti kijana wa maji. Tukabishana bei ya dumu, akanipa na habari za msiba wa jirani. Narudi, Addis imekwenda.

Kwa hiyo kabla ya yote, simamisha saa. Tarehe 1 Januari ni siku ya kukaa na karatasi na kalamu, hata nusu saa. Viwanda vyako vya silaha ni vya kuhesabu kwa vidole. Vyote vitengeneze bunduki. Usiniambie habari za vifaru wala ndege. Weka vijana wapya mafunzoni, wengi, wa miguu tu. Viwanda vya kiraia navyo usivianze sasa, maana kiwanda utakachomaliza mwakani atakirithi Mussolini.

Halafu tazama ramani. Una pande mbili: kaskazini kuna Eritrea, kusini-mashariki kuna Somalia ya Waitaliano. Wachezaji wengi hugawa jeshi nusu kwa nusu, kama mirathi. Kaskazini ni milima, na mlima unampunguza nguvu anayeupanda. Ogaden, huko kusini-mashariki, ni tambarare kavu, haina pa kujificha. Mimi kusini naacha vikosi vichache vya kurudi nyuma polepole. Ardhi ile wachukue, jua liwafundishe. Wengine wote nawapandisha kaskazini, nawapanga mstari mmoja, nawaambia: kaeni.

Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kukaa hakuna raha. Lakini kikosi kinachokaa mahali pamoja kinachimba mahandaki, na kila siku inayopita kinazidi kuwa kigumu kung'oa. Kompyuta inayoiendesha Italia haina subira. Itakushambulia, itashindwa, itashambulia tena mlima uleule. Wewe mtazame adui ule mstari wa kijani unaoonyesha kama kikosi bado kina pumzi. Ukiuona umeshuka karibu na sifuri kwa vikosi viwili vitatu vinavyopakana, hapo sasa inuka. Piga hapo tu, kwa vikosi vyako vilivyopumzika, na uviongoze mwenyewe kwa mkono. Ukiviachia mshale mkubwa wa mpango wa vita, vitashambulia kila mahali kwa pamoja, turudi kulekule Maichew.

Ukishapasua, usikimbilie kuteka nchi. Kimbilia Massawa, ile bandari ya Eritrea. Kijana wa Dodoma hili nisikueleze sana: Kongwa ipo hapo jirani. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga, wana pesa, wana matrekta, wana na askari wastaafu wa kuyaendesha. Lakini kila skrubu ilipaswa kushushwa bandarini Dar es Salaam, ipande reli ile moja, ndipo ifike huku kwenye udongo mgumu kama sakafu. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Italia ya kwenye gemu nayo ndivyo inavyokula: risasi na chakula vyote vinatoka ng'ambo na kuingia bandarini. Ukishika Massawa na kuwafungia njia nyuma, vikosi vya mlimani vinaanza kufa njaa, na kikosi kilichozingirwa kikishindwa hakina pa kurudi, kinafutika kabisa. Kuua vikosi kumi namna hiyo kunazidi kuteka majimbo kumi. Ukimaliza hapo ndipo ugeukie kusini, bandari ya Mogadishu, kwa mchezo uleule.

Mimi ilinichukua hadi jaribio la tano kuiona Massawa. Kaka yako akikucheka, muulize yeye Ethiopia ameichukua lini.

SWALI: Mwalimu, mimi ni wa Europa Universalis IV, gemu la kuongoza falme za zamani, na nimependa Bizanti, dola ya Kikristo ya Konstantinopoli. Waturuki wananimeza kila nikianza. Kuna dawa?
– Binti wa Kondoa

JIBU: Ipo, chungu. Gemu lako linaanza tarehe 11 Novemba 1444, kesho yake ya vita vya Varna, ambako mfalme wa Poland aliuawa na Waturuki. Kwa hiyo usitegemee mkombozi kutoka Ulaya. Tafuta majirani wadogo wanaomwogopa Mturuki kama wewe. Kopa fedha, kopa mpaka uone aibu kuliko mwanachama wa VICOBA mwenye madeni matatu, uajiri askari na uunde meli.

Kisha subiri. Mturuki ana miguu miwili, mmoja Ulaya na mwingine Asia. Siku atakapovusha jeshi lake kubwa kwenda kupigana Anatolia, tangaza vita na simamisha meli zako Bahari ya Marmara. Kwanza teka Gallipoli, jimbo lake la upande wa Ulaya wa kivuko, maana akishika pande zote mbili meli peke yake hazitamzuia. Ukishaishika, mradi meli zako zipo pale na hazijashindwa, askari wake hawavuki kurudi, nawe unateka ngome zake za Ulaya mojamoja. Mwaka 1453 Mehmed, sultani wa Waturuki, alivuta meli zake nchi kavu, akazishusha upande wa pili wa mnyororo uliofunga bandari ya Konstantinopoli. Kwenye gemu hana ujanja huo. Ila usije ukazirudisha meli bandarini kutengenezwa, hata kwa mwezi mmoja. Mimi nilifanya hivyo.