Mama kavunjika mkono kwenye ibada: mna haki ya kulidai kanisa

Ndugu, pole sana, na mfikishie mama pole zangu. Umesema dada wa mbele yake alianguka kwa nguvu za Roho wakati wa pambio, akamwangukia mama, sasa mama kafungwa hogo na mchungaji anasema ni shambulio la adui.

Mimi ni mlokole, nimehudumu madhabahuni miaka mingi, kazi yangu kudaka wanaoanguka. Naamini kabisa Mungu anaangusha watu. Ila viti vya plastiki vikibanwa hadi mtu hana pa kuweka mguu, waliovipanga ni wahudumu, si Roho. Na anayeumia sana ni wa nyuma: kafumba macho, mikono iko juu, haoni kinachomjia. Kuna mzee alichanika juu ya jicho kwenye kona ya spika, damu ikashuka hadi kwenye kola. Mhudumu akamkandamizia khanga, ileile ya kufunikia akina mama walioanguka, na sifa zikaendelea. Zahanati alipelekwa na mwanawe baada ya ibada. Mpaka leo linaniuma.

Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa uwanja wa Majengo wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Baada ya hapo sielewi kiongozi anawezaje kukusanya umati bila kufikiria njia za kupita.

Wakikwambia unapingana na Mungu, wasomee Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye nyumba anaamriwa kuzungushia dari yake ukuta, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba yake. Ukuta anajenga mwenye nyumba.

Msianzie mahakamani. Nendeni kwa wazee wa kanisa na risiti zote, picha ya eksirei na majina ya waliokaa karibu na mama, muombe jibu kwa maandishi. Wakigoma, muoneni wakili. Kama kanisa lina Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa, inayoshtakiwa ni bodi hiyo. Mtatakiwa kuonyesha uzembe, mfano viti kubanana au wadakaji kutokuwepo. Madai ya aina hii Tanzania yana ukomo wa miaka mitatu, kwa hiyo msikubali kuzungushwa na "tunaliombea". Dada aliyeanguka msimguse, naye alikuja kuabudu tu.